Gari la Kwenye Picha

Niliinua kiti cha dereva ili nifagie mchanga, nikakuta mshono wangu mwenyewe.

Uzi wa bluu wa kushonea nyavu, mafundo saba, la mwisho limepinda kwa sababu siku ile sindano ilinichoma kidole. Nilikishona kiti hicho miaka mitatu iliyopita, kabla mume wangu hajatoka na gari lake hapa Minago kwenda Bujumbura. Njiani wenye bunduki wakalisimamisha. Hatukuona tena gari, wala yeye.

Lilikuwa jeupe. Sasa ni la kijani, na mwanangu Mardochée amelinunua kwa picha tu, mu intaneti. Dereva wa kukodiwa ndiye aliyelileta jana.

Ninyi wenye watoto, mimi nilimwambia. Nilimwambia aende kwa yule mzee muuza magari wa Rumonge, asiyeuza gari mpaka amwite mwenye gari wa kwanza, mukae benchi moja, munywe chai, muonane sura. Akacheka.

"Mama, ile chai ndiyo inapandisha bei."

Kidole changu kilikuwa bado juu ya lile fundo.

"Aliyekuuzia ni nani?"

"Sijamuona bado." Alikuwa anapangusa kioo, anapiga mluzi. "Iko mu njia, analeta karatasi za gari. Amepiga simu sasa hivi kuuliza nyumba."

"Ukamwambia nini?"

"Aulize tu kwa mjane wa yule dereva aliyepotea. Minago nzima wanakujua, mama."