Sauti ya Mkandani

Siku hizo, kila mtu ambaye pumzi ilimkatika usingizini alilazimika kisheria kulala na mkanda kifuani. Akilala chali, mkanda ulimwita mpaka ageukie ubavu. Sauti ya kumwita ulijichagulia wenyewe, katika zote zilizowahi kumpigia simu: ile ambayo mwili wake uliitii upesi zaidi.

Mkanda wa Shaali ulichagua sauti ya Tabu, mtalaka wake.

"Sikuichagua mimi, mama Nasra," alimwambia mkewe, Mwanakombo. "Hata siisikii. Mimi nimelala."

Mwanakombo aliisikia. Jumapili moja mchana, Shaali akiwa amejilaza baada ya kula, sauti ilisema taratibu, "Geuka, bwana." Akageuka huku akitabasamu. Wivu ulimpanda Mwanakombo. Akauzima mkanda.

Haukupita muda, Shaali akarudi chali. Alikoroma, kisha kukawa kimya. Kifua kikatulia.

"Shaali, geuka."

Hakugeuka. Alimtikisa, akamsukuma, lakini mwili ulikuwa mzito kama gunia la chumvi iliyolowa. Midomo ikaanza kupoteza rangi. Mwanakombo aliinama sikioni kwake, akailainisha sauti, akaivuta kama alivyoivuta yule mwanamke.

"Geuka, bwana."

Shaali alivuta pumzi kwa kishindo, akageuka, akamshika mkono.

"Umerudi," alinong'ona, akiwa amefumba macho.

Mwanakombo aliutazama mkanda. Angeweza kuuwasha. Lakini mkono wa mumewe ulikuwa umemshika kwa namna ambayo haujawahi kumshika.

"Nimerudi," akajibu, kwa sauti ileile.