Mteja wa Mwalimu Veronika

“Machozi yamezidi,” alisema Mwalimu Veronika, na darasa zima likaandika.

Lilikuwa somo la kumhoji mteja. Katika ustawi wa jamii, anayekuja na shida huitwa mteja, na kwa kuwa wanafunzi hawa hawajaruhusiwa kugusa shida za watu, Veronika alikuwa ameomba mwigizaji kutoka kikundi cha sanaa cha Chikongola. Mlinzi ndiye aliyemleta kutoka getini: “Mwalimu, mteja wako huyu.”

Mwigizaji gani! Kanga ina tope, miguu peku, mkononi kakamata kiatu kimoja cha mtoto. Veronika aliguna. Watu wa huku, alijisemea, ukiwapa kidogo wanazidisha.

“Jina lako, mama?” aliuliza Fadhili, mwanafunzi aliyepangwa kumhoji.

“Somoe, wa Kilambo. Baba yake kan'chukua ntoto wangu. Leo jioni anavuka naye mto, Msumbiji. Akishavuka, sin'oni tena.”

“Na hiyo lafudhi umeitia chumvi,” Veronika akadakia. “Punguza.”

Mwanamke akabaki kamkodolea macho. “Nipunguze nini, mama?”

“Usinijibu mimi! Mtazame Fadhili.”

Fadhili alikwisha kutoa simu. “Mwalimu, si tuwapigie polisi wa kule mpakani wamzuie?”

Darasa likaangua kicheko. Veronika naye alicheka mpaka akafuta miwani.

“Haya, na huyu kazama kwenye mchezo mzima mzima! Fadhili, hisia unaziacha mlangoni. Usipoziacha, maksi zako ndizo zitakazobaki huko.”

Kijana akairudisha simu mfukoni, uso umemshuka kwa aibu.

“Sasa mtan'saidia?” Somoe aliuliza.

“Tumekusikia, mama. Umemaliza. Pitia mlango ule.”

Somoe aliwatazama mmoja mmoja, akakibana kiatu kifuani, akatoka. Veronika akaligeukia darasa. Ngoma ivumayo sana hupasuka, aliwaambia. Mwenye shida ya kweli halii hivyo, na aliyekaa kazini miaka mingi kama yeye humtambua tangu anapobisha hodi.

Hodi ikabishwa.

Msichana nadhifu alichungulia akihema, mwanasesere kafungwa mgongoni kwa kanga mpya.

“Nisamehe, Mwalimu, nimechelewa. Mimi ndiye Latifa wa kikundi cha sanaa, yule mteja wako.”