Fisi na Ruhusa ya Msafiri

Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, Fisi alisikia kwamba msafiri ana ruhusa ya kula mchana. Hakuwa na safari, akaitafuta. Kobe alikuwa akivuka nyika kwa miguu kwenda kumjulia hali dada yake, basi Fisi akafuatana naye.

"Mwenzangu, umefunga na safari yote hii?" Fisi akamwuliza.

"Nimefunga. Nikichoka nitakula."

"Mimi nimeshachoka," akasema Fisi.

Lakini nyika ile haikuwa na mzoga wala mfupa. Mchana kutwa Fisi alinusa upepo, na usiku akaambulia panzi. Ikawa hivyo mpaka wakarudi nyumbani siku ya Idi, Fisi amekonda kama ng'onda.

"Alhamdulillahi, mwaka huu na mimi nimefunga," akasema. "Mwezi mzima sikutia kitu kinywani mchana."

"Ulitia nia?" Kobe akauliza.

"Nia yangu ilikuwa kula."

"Basi hukufunga, ndugu yangu. Ulishinda na njaa tu. Leo kula, ni sikukuu. Kesho anza kulipa siku zako zote."

Fisi akala mpaka akashindwa kuinuka. Alfajiri alionekana njia panda, akiuliza nani ana safari.