Vidonge Bandani

Mwanaheri alimkuta mumewe kwenye banda la kuku, nyuma ya duka lao la Kasulu, akiponda vidonge vyake vya uzazi wa mpango na kuvichanganya kwenye chakula cha kuku wa nyama.

"Vinawanenepesha haraka," mumewe alisema bila haya. "Wafugaji wote wanafanya hivi."

"We mwanaume, kunenepa huko ni mbegu yao tu, si vidonge!"

Miguuni pake kuku mmoja alikuwa amelalia kifua, akihema, mwili umeishinda miguu.

"Daktari alisema mbele yako kwamba mimba nyingine itaniua!"

"Umekosa vidonge siku chache tu."

Mwanaheri alinyakua beseni, akammwagia chakula chote kifuani.

"Chache? Mwezi huu sijaziona siku zangu."