Nyama Imekwisha

Saa moja na robo asubuhi, Jumatano ya Majivu, Innocent alikuwa amechutama nyuma ya kontena bovu karibu na geti la kazini, akijisugua paji la uso kwa leso na maji ya chupa. Padri alikuwa amempaka majivu muda si mrefu. Alijitazama kwenye kioo cha simu, akasugua tena, akaridhika kwamba hakikubaki kitu. Alipopita dirishani pa kantini, Mama Sudi, mpishi, alimtazama usoni kidogo, akamsalimu, wakaachana.

Huo ulikuwa mwaka wa sita. Kazi ya kufuta majivu alikuwa ameizoea, na kusema kweli aliifanya vizuri kuliko ukarani alioajiriwa.

Hakuna aliyemtisha. Mtwara haikumfanyia ubaya wowote huyu mtoto wa katekista kutoka Sumbawanga. Ila wiki yake ya kwanza ofisini mtu mmoja alimwita "padri" kwa utani, naye akacheka kuliko wote, akakana, akisema hata kanisani huenda kwa nadra. Baada ya kukana mara moja, kila siku ikawa ngumu zaidi kusahihisha.

Nyumbani, mtaa wa Magomeni hapohapo Mtwara, alikuwa mtu mwingine kabisa. Katika sala za jumuiya ndiye aliyeomba kwa sauti kubwa na kwa muda mrefu, mpaka watoto wakasinzia. Ndiyo maana parokia ilimchagua atoe ushuhuda Jumapili ya Matawi, juu ya kuishi imani hadharani kazini. Kila mtu alisema Innocent ana kipaji cha kusema, na kipaji kisifichwe. Alikubali hapohapo, kwa sababu kusifiwa humlevya upesi.

Aliandika kurasa tatu. Alipozisoma tena aliona haya, maana kati ya yote aliyojisifia, la kweli lilikuwa moja tu: kwa miaka sita hakuwa amekula nyama Ijumaa yoyote ya Kwaresima.

Na hata hilo lilikuwa na vituko vyake. Ili asiulizwe maswali, kila Ijumaa alifika dirishani kwa Mama Sudi na kuagiza kwa sauti kama wenzake, "Ugali nyama!" Mpango wake ulikuwa kuifukia nyama chini ya kisamvu na kuiacha humo. Lakini kila alipoagiza, Mama Sudi alichungulia sufuria na kusema, "Nyama imekwisha, mwanangu. Kula samaki." Hata Ramadhani, walipokuwa wanakula watu wanne tu nyuma ya pazia, na Mama Sudi mwenyewe amefunga, nyama ya Ijumaa ilikwisha.

Innocent aliuona humo mkono wa Mungu. Ukurasa wa pili aliandika: "Bwana mwenyewe alinifichia nyama." Sentensi hiyo aliipenda sana, akaipigia mstari.

Veronika, mkewe, alizisoma kurasa zote tatu huku akinyoosha shati la Jumapili.

"Umeandika vizuri," alisema. "Sasa Jafari akisikia haya, atajua ni wewe?"

Innocent alijibu kwamba kuku hawajafungiwa banda, akatoka nje.

Jafari alikaa meza moja naye ofisini. Ramadhani ilipoingia alisema "nimefunga" kama mtu anayesema leo kuna joto. Innocent, naye amefunga upande wa pili wa meza ileile, alisema tumbo linamsumbua. Aliumwa tumbo siku nyingi kiasi kwamba Jafari alimletea dawa. Usiku alipokumbuka dawa ile alijionea aibu, na akajua kwamba asiposema kazini kabla ya Jumapili, atapanda mbele ya altare kusema uongo.

Ilibaki Ijumaa moja. Idi ilikuwa imepita na kantini ilijaa tena. Wengine walikuwa wametoka kuswali na kanzu zao. Innocent alisimama kwenye foleni. Alikuwa amejiandaa kuchekwa, kuitwa padri, hata kukosa mtu wa kula naye. Kidogo alijiona shahidi wa imani, wa kuchongewa sanamu.

Alipofika dirishani alikohoa.

"Mama Sudi, mimi ni Mkatoliki. Leo ni Ijumaa ya Kwaresima. Sili nyama."

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyopanga. Alisubiri watu waache kula. Hawakuacha.

"Sogea kaka," Jafari alisema nyuma yake, "wenzako tuna njaa."

Mama Sudi alivuta sahani iliyokuwa imefunikwa pembeni, akaifunua. Ugali wa muhogo, kisamvu, na changu mzima wa nazi. Ilikuwa imepakuliwa zamani. Ugali ulishaanza kupoa. Akamsukumia Innocent, kisha akachota upawa wa nyama akammiminia Jafari, na sufuria lilikuwa limejaa mpaka juu.

Innocent hakusogea.

"Kumbe nyama ipo?"

"Ipo tangu asubuhi."

"Na zile Ijumaa nyingine zote?"

Mama Sudi alifunika sufuria, akafuta mikono kwenye kanga.

"Ilikuwepo, mwanangu. Ila kila mwaka unayafuta yale majivu yenu, halafu hapa juu ya nyusi unabakisha. Nikiyaona tu, naanza kukuhesabia Ijumaa."