Vidole vya Agatha

Veridiana alikunja upindo wa kanga, akauuma kwa nguvu, kisha akazamisha vidole vyake vyote kumi kwenye bakuli la utomvu wa maganda ya korosho.

Ilikuwa Jumapili, saa tatu asubuhi, kuku wanachakura uani, na yeye machozi yanamtiririka. Anayeujua utomvu ule haambiwi. Unababua ngozi mpaka inaambuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Akahesabu mpaka mia mbili. Akaongeza mia.

Utasema kaingiwa na wazimu. Hapana, kaingiwa na woga, na woga una akili zake.

Jana yake Optatus, meneja wa ghala la kubangulia korosho pale Newala, alikuwa amewatangazia wanawake arobaini: "Alhamisi anakuja mkaguzi na mashine ya dole gumba. Wanunuzi wanataka kila katoni ijulikane imetoka mikononi mwa nani."

Wanunuzi wenyewe ni kampuni ya kuku wa kukaanga yenye mikahawa dunia nzima. Korosho za Newala ndizo zinazosagwa na kutiwa kwenye mchuzi wao. Makubwa haya! Mtu yuko ng'ambo anachovya paja lake la kuku, anataka kujua nani kambangulia. Sisi huku tunakula mishikaki wala hatuulizi ni ya mnyama gani.

Wenzake walicheka. Veridiana hakuona cha kuchekesha. Maana pale ghalani hakuna mtu anayeitwa Veridiana. Yupo Agatha.

Agatha alikuwa dada yake, marehemu mwaka wa tatu huu. Watu walipopanga foleni ya vitambulisho vya taifa, Veridiana alikuwa anamuuguza, foleni ikampita. Dada akafa, akaacha kitambulisho na mtoto mmoja, Queen. Ghala likatangaza kazi, likataka kitambulisho, na wawili wale walifanana kama shilingi kwa ya pili. Basi akaajiriwa kwa jina la marehemu. Mshahara huo ndio unaomlisha Queen, unamsomesha, na kununua kila ndoo ya maji anayooga. Alama za vidole vya Agatha zimo serikalini; mashine ikisema huyu si Agatha, kazi hana. Na hapo hujataja polisi.

Ndipo alipomkumbuka Bi Pili, jirani yake, aliyebangua korosho nyumbani miaka thelathini kwa mikono mitupu. Akienda kusajili laini ya simu, mashine haioni kitu. Vidole havina hata mstari mmoja. Mwisho wanampa karatasi, anatia sahihi, yamekwisha. "Mie mashine imenishindwa!" Bi Pili hujisifu.

Siku nne Veridiana alikula ugali kwa kijiko kama mgeni. Kazini hakuvua glavu hata saa ya chai. Wenzake wakamtania kwamba kapata mchumba daktari, sasa anajifunza kazi. Akacheka nao. Lakini pikipiki ikisimama tu nje ya ghala, anajua hao wamekuja.

Alhamisi ikafika. Lori lilishapakiwa, linasubiri getini kuteremka Mtwara bandarini. Mkaguzi alikuwa msichana mpole kutoka Dar es Salaam, Shakila, akaketi mezani na kimashine chake.

"Shikamoo mama. Jina lako?" Anaandika. "Bonyeza hapa." Taa ya kijani. "Asante. Anayefuata."

Mstari ulikwenda haraka. Hakuna aliyeulizwa kitambulisho. Veridiana, aliyekibana cha dada yake katikati ya viganja, wala hakuliwaza hilo. Alikuwa anaomba tu kimoyomoyo: Nnungu wangu, niponye leo tu, kesho nitajua mwenyewe.

"Jina lako, mama?"

"Agatha."

Akabonyeza. Nyekundu. Akarudia, nyekundu. Mara ya tatu, nyekundu tena. Roho ikaanza kumtulia. Sasa ataleta karatasi, nitie sahihi.

Shakila hakuleta karatasi. Alimshika mkono, akaugeuza, akautazama.

"Meneja, huyu ameungua na maganda. Hapa glavu hakuna?"

"Zipo! Kila mtu ana jozi yake!" Optatus alianza kutoka jasho. "Mama Queen, si nilikupa? Sema!"

Mama Queen aliuvuta mkono, akauficha kwenye kanga.

"Sharti la wanunuzi mnalijua," Shakila alisema, naye hakuonekana kufurahi. "Mbanguaji mmoja akiungua, mzigo hauondoki, na ghala linafutwa kwenye orodha yao. Mwambieni dereva ashushe."

Nyuma kwenye mstari mama mmoja akaanza kulia, kisha mwingine. Wanawake arobaini, kila mmoja na watoto wake. Veridiana aligeuka akawaona, na akajua kwamba hao hataweza kuwabeba.

"Glavu nilipewa," alisema. "Vidole nimeviunguza mwenyewe, nyumbani kwangu." Akaweka kitambulisho mezani. "Huyu ni dada yangu, ameshafariki. Mimi naitwa Veridiana. Niliogopa mashine itanisema."

Optatus alimtazama kama aliyeona mzimu. Shakila alikitazama kitambulisho. Kisha akaigeuza mashine ili Veridiana aone kioo. Yalikuwapo majina ya waliomtangulia asubuhi ile, kila moja kama mwenyewe alivyolitaja. Juu ya majina hayo hapakuwa na kitu.

"Itakusema kwa nani, dada?" Shakila aliuliza taratibu. "Imekuja tupu. Ungebonyeza kwa kidole kizima, ingekuandika Agatha."