Tundu Chini ya Landkruza

Lesian alikuwa akitoboa sakafu ya Landkruza, kwenye gereji moja mtaani Sombetini, ili afunge amplifaya ya sabufa iliyotoka Dubai, pale drili ilipozama ghafla. Harufu ya petroli ikamjaa puani. Alikuwa ametoboa tangi.

Akaingia uvunguni, akaziba tundu kwa kidole. Petroli ya baridi ikamchuruzika mkononi hadi kwapani.

Ndani ya gari redio ilikuwa ikipiga kwa sauti. Mwenye gari akaja, sigara mdomoni, kiberiti mkononi.

"Bosi, usiwashe."

"Unasemaje? Sikusikii." Akachuchumaa, akachomoa njiti.

Lesian akachomoa kidole, akaacha petroli imwagike, na kwa mkono wake uliolowa akaufumbata mkono wa bosi ulioshika kiberiti, njiti isikwaruzwe, mpaka kikalowa.